Mgombea huchagua sindano ya kukataa

Msimu wa kampeni ukianza hapa Busia, upande wa Uganda, mimi husikiliza hotuba za nchi mbili. Mpaka wetu na Kenya una lango la magari na njia za panya zisizohesabika, na kipaza sauti hakiombi pasipoti. Kazi yangu ni epidemiolojia, yaani kufuatilia ugonjwa unavyosafiri kati ya watu, na kwa miaka mingi nimesimamia chanjo katika vijiji vya mpakani. Watu huniita musawo, yaani daktari, ingawa siku hizi nashika daftari kuliko sindano.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: mbona mtu aliyesoma, anayetaka kutuongoza, anaipinga sayansi? Mimi sijawahi kukutana na mgombea wa namna hiyo. Yule anayesema jukwaani kwamba chanjo ni njama, presha ikipanda hukimbilia hospitali ya Kampala au Nairobi na hamuulizi daktari dawa imetoka wapi. Anachokataa ni kipande kimoja tu, na hukichagua kwa akili. Hutafuta kitu ambacho watu wana kinyongo nacho tayari, kisha hukadiria kama madhara yake yataonekana kabla ya siku ya kura au baada.

Chukua pepopunda. Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ikiwa imeshafuta uchaguzi wa urais na marudio yakisubiriwa Oktoba, Raila Odinga alisema hadharani kwamba maaskofu wa Kikatoliki walikuwa sahihi: chanjo ya pepopunda waliyopewa wanawake ilikuwa na homoni ya kuwafanya wagumba. Serikali na Shirika la Afya Duniani walikuwa wameshalikanusha jambo hilo tangu maaskofu walipolitoa mwaka 2014. Haikusaidia. Wiki ile, upande wetu wa mpaka, meza yetu ya chanjo ilikaa hadi saa sita mchana bila mama hata mmoja.

Uvumi ule ulikuwa na mguu mmoja wa kweli, ndiyo maana ulitembea. Wanasayansi nchini India waliwahi kutengeneza chanjo ya majaribio ya kuzuia mimba kwa kuunganisha homoni ya ujauzito na sumu ya pepopunda iliyofifishwa, na matokeo yakachapishwa miaka ya 1990. Hiyo ilikuwa dawa nyingine kabisa, si hii iliyo kwenye sanduku letu la baridi. Zaidi ya hapo, baadhi ya vipimo vilivyotajwa kama ushahidi vilifanywa kwa vifaa vilivyotengenezwa kupima damu ya binadamu, na ukimimina chanjo humo, namba itakayotoka haina maana. Ni kama kupima unga kwa chombo cha kupimia maziwa. Halafu tazama uwanjani: Uganda imewachanja wanawake dhidi ya pepopunda kwa miongo kadhaa, na utafiti wa kitaifa wa afya na uzazi wa 2022 bado ulikuta wastani wa watoto 5.2 kwa kila mwanamke. Kama ile ni dawa ya ugumba, aliyeitengeneza arudishiwe ada ya shule.

"Basi mbona wanaume hamwachomi?" Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na mara nyingi sisi wataalamu tumelijibu kwa kiburi. Mama huchanjwa kwa sababu kinga yake humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma, na mtoto huihitaji saa ile kitovu kinapokatwa, pengine kwa wembe usio safi. Wanaume nao huchanjwa. Kampeni ya tohara hapa Uganda ilipoleta wagonjwa kadhaa wa pepopunda, Wizara ya Afya iliagiza mwanamume achanjwe kwanza ndipo atahiriwe. Nikilisema hili kwenye kikao, vijana wa boda huinamisha vichwa na akina mama hucheka, na baada ya kicheko hicho naweza kuzungumza.

Lakini kuna jambo ambalo wagombea hawalijui, au wanalijua wakalinyamazia. Surua ina huruma kidogo: majirani zako wakichanjwa kwa wingi, hata wewe uliyekataa unapata kivuli chao. Pepopunda haina ujirani. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi, havitoki kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa hiyo kinga ya mwenzako haikufai kitu. Anayelipa ni mtoto wa mama yule yule aliyesikiliza hotuba. Huzaliwa mzima, hunyonya siku mbili tatu, halafu taya linakaza. Na hilo hutokea miezi mingi baada ya jukwaa kubomolewa, mheshimiwa akiwa ameshaapishwa.

Mtu asiniambie dawa ni elimu ya wagombea. John Magufuli alikuwa na shahada ya uzamivu ya kemia, na mwaka 2020 alisimama akaeleza kwamba papai na mbuzi walikutwa na korona, vipimo vikaonekana upuuzi. Thabo Mbeki, aliyekuwa Rais wa Afrika Kusini, msomi wa kusoma usiku kucha, aliruhusu wanaokana kwamba virusi ndivyo vinavyoleta UKIMWI waingie ndani ya sera ya nchi. Hili la Mbeki linaniuma kama Mganda. Utafiti ulioonyesha kwamba kidonge kimoja cha nevirapini, dawa ya virusi vya UKIMWI, kwa mama mwenye uchungu, na matone kwa mtoto ndani ya saa 72, hupunguza maambukizi ya mtoto kwa karibu nusu ulifanyika hospitali ya Mulago, hapo Kampala, na ulitangazwa 1999. Akina mama wetu ndio waliojitolea. Afrika Kusini ilisitasita kuitoa dawa hiyo hospitalini mpaka Mahakama ya Katiba ilipoiamuru mwaka 2002. Watafiti wa Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba ukaidi ule wa kuchelewesha dawa uligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000.

Si kila pingamizi ni ukanaji, na hapa hatutakubaliana wote. Muswada wa mbegu zilizobadilishwa vinasaba ulipitishwa na Bunge letu 2017, Rais akaurudisha, ukapita tena 2018, akaurudisha tena. Swali la nani atamiliki mbegu na nani atalipa zikiharibu shamba la jirani ni la siasa, na ni halali. Nayaona makosa pale tu mtu anapotoka hapo akasema ndizi zilizobadilishwa vinasaba katika kituo cha utafiti cha Kawanda zinaleta saratani.

Sisi wenyewe tuna deni. Uchaguzi wa Januari 2021 uliitwa "wa kisayansi". Mikutano ikawekewa kikomo cha watu 200, na Novemba 2020 mgombea wa upinzani alipokamatwa Luuka kwa kosa la kuvunja masharti ya korona, vurugu zilizofuata zilizimwa kwa risasi. Waliokufa ni 54 kwa hesabu ya serikali yenyewe. Shule zilifungwa Machi 2020 zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Kwetu neno "kisayansi" likawa na maana ya watu wachache na askari karibu. Hata harusi ya wageni wachache iliitwa ya kisayansi. Mama mmoja muuza dagaa aliniambia, "Musawo, hiyo sayansi yenu ilifunga kibanda changu, ikamweka binti yangu nyumbani miaka miwili mpaka akapata mimba. Leo imekuja na sindano?" Sikuwa na jibu siku ile. Mgombea akija na jibu la uongo kesho yake, atakuwa na hadhira.

Siku hizi sisubiri. Majina yakishapitishwa mimi huenda kwa wagombea wote, wa chama cha njano, cha nyekundu na cha buluu, nikaomba dakika tatu kwenye mkutano wao, bila fulana ya mtu. Wengi hunikatalia kwa heshima. Mmoja alinikubalia, akaniambia nisimwaibishe. Nilipomaliza, mzee wa safu ya mbele hakuuliza habari za homoni.

"Mkija huko kwetu, mtakuja na askari?"

Nikamwambia hapana, mzee wangu. Atakayekuja ni mhudumu wa afya wa kijiji chenu mnayemjua, na sanduku litakuwa nyumbani kwa mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, kuanzia saa mbili asubuhi.