Mchezaji akitoka jela arudi uwanjani au basi? Tuongee taratibu

Kila nyota wa michezo akimaliza kifungo sisi tunaoshughulika na sheria za michezo huwa tunajua wiki hiyo simu hazitulii, na wanaopiga ni makundi mawili tu, kundi la kwanza linasema jamani si ameshatumikia adhabu yake mwacheni acheze, la pili linasema mtu wa hivyo anavaaje jezi mbele ya watoto wetu, na wote wanataka tuwajibu ndio au hapana. Mimi huwa siwajibu hivyo, sio kwamba naogopa, ila ndani ya swali moja kuna maswali matatu yamefungwa kamba pamoja na ukiyajibu kwa mkupuo lazima moja utalikosea.

La kwanza ni kama huyu mtu ana haki ya kufanya kazi. La pili, shirikisho la mchezo wake linaruhusu? La tatu, klabu hii hapa inatakiwa impe mkataba? Majibu yanaweza yakawa tofauti kabisa kwa mtu mmoja.

Tuanze na kazi maana hapo ndio pepesi. Hakimu akikupa miaka mitatu hajasema miaka mitatu halafu ukitoka usile. Nchi nyingi zina sheria za kumsaidia aliyefungwa arudi kwenye maisha, Uingereza kwa mfano wana sheria ya mwaka 1974 ambayo makosa mengi yakishapita muda fulani bila mtu kurudia yanahesabika yamekwisha, na mwajiri wa kawaida huna tena lazima ya kumwambia. Kuna kazi zimetolewa humo, hasa za kukaa na watoto, hiyo ishikeni tutairudia. Kwa hiyo anayesema mfungwa aliyetoka asiajiriwe popote, huyo anaongeza adhabu ambayo mahakama haikutoa, na mtu asiye na kazi ndio rahisi zaidi kurudia yaleyale.

Chukua Michael Vick, kotabeki, yaani mrushaji mpira, wa Atlanta Falcons, timu ya mpira wa Kimarekani, ambae mwaka 2007 alikiri kosa la kuendesha mapigano ya mbwa na akala miezi 23. Alifilisika akiwa ndani. Mahakama ilimtaka aweke pesa zaidi ya dola 900,000 za kutunza mbwa waliookolewa, na alikuwa na madeni ya mamilioni juu yake. Alivyosajiliwa na Philadelphia Eagles 2009 watu waliandamana, sawa, lakini madeni yake aliyalipa kwa miaka na hela nyingi ilitoka kwenye mpira. Angekatazwa kucheza wale wanaomdai wangelipwa na nani? Hili huwa hatulifikirii kabisa, tunafikiri kumzuia mtu kucheza ni kumkomoa yeye peke yake.

Halafu kuna umri. Fundi ujenzi akifungwa miaka mitano anatoka anashika mwiko anaendelea, mwanariadha akifungwa miaka mitano kwenye miaka 27 anatoka mwili umeshaenda, kwa hiyo ukisema afungwe halafu shirikisho nalo limfungie mingine mitatu, sema tu ukweli kwamba umemfungia maisha. Kuna makosa yanastahili hivyo. Ila tusijifanye hatujui tunachofanya.

Sasa, haki ya kufanya kazi sio haki ya kuvaa namba 9 ya klabu unayoitaka wewe. Mkataba ni makubaliano, klabu inaweza kukataa kukusajili kwa sababu umepungua kasi na inaweza kukataa kwa sababu haitaki jina lako likae karibu na jina lake, na hakuna mahakama itakayowalazimisha. Mchezaji akiambiwa hapana na klabu kumi hajanyimwa haki yake. Hapa ndipo kundi la kwanza huwa linakosea, wanaona kila klabu inayokataa ni kama jela ya pili.

Kwenye mashirikisho ndio kuna vurugu, maana kila mchezo una utaratibu wake na mingine haina utaratibu wowote. Soka ya England tangu 2004 wana kipimo cha wamiliki na wakurugenzi wa klabu, ukiwa na hukumu za aina fulani ambazo hazijaisha muda huruhusiwi kumiliki timu, ila mchezaji hana kipimo cha namna hiyo. Yaani mwenye timu akiwa mwizi hapana, straika akiwa amejeruhi mtu hilo ni la kocha na bodi kuamua wenyewe. NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani aliyocheza Vick, wamekwenda upande mwingine, sera yao ya mwenendo waliyoibadilisha Desemba 2014 inasema hata kuhukumiwa mahakamani sio lazima, ligi inachunguza yenyewe, na kwa ukatili wa nyumbani au wa kingono adhabu inaanzia mechi sita bila mshahara.

Hiyo sera haikuja kwa hiari. Ilikuja baada ya Ray Rice wa Baltimore Ravens, mwanzo ligi ilimfungia mechi mbili tu, halafu Septemba 2014 video ikatoka watu wakaona kwa macho yao ngumi aliyompiga mchumba wake ndani ya lifti, timu ikamwacha siku hiyohiyo. Kesi yake mahakamani ilifutwa baada ya kumaliza programu ya marekebisho, na adhabu ya kufungiwa bila muda ikatenguliwa kwenye usuluhishi, kwa hiyo kisheria alikuwa huru kucheza, na hakucheza tena NFL hata mechi moja.

Hebu muweke Rice pembeni ya Vick. Mmoja alikaa jela karibu miaka miwili akarudi na mwaka 2010 akapewa tuzo ya mchezaji bora aliyerejea. Mwingine hakufungwa hata siku moja na akawa amemalizwa. Video ilichangia sana, hilo liko wazi, ila kuna kitu kingine watu hawapendi kukisema, msimu wa 2013 wa Rice ulikuwa mbovu na timu hazikuona atawaongezea nini, wakati Vick alikuwa bado na mguu na mkono ambao hakuna mtu mwingine anao.

Hapo ndipo tatizo lenyewe lilipo kwa maoni yangu. Sio kwamba tunasamehe sana au tunasamehe kidogo, ni kwamba tunaacha kipaji kiwe ndio hakimu. Mchezaji akiwa mzuri tunasikia habari za nafasi ya pili, amebadilika, amemwomba Mungu msamaha, akiwa wa kawaida tunasikia habari za maadili ya klabu. Mike Tyson alitiwa hatiani kwa ubakaji Februari 1992, akatoka jela Machi 1995, Agosti mwaka huohuo yuko ulingoni, Machi 1996 kamchapa Frank Bruno kachukua mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBC. Bondia wa kulipwa laki mbili tatu kwa pambano angepata promota wa kumpokea mlangoni namna ile? Tuwe wakweli tu.

Watu wananiuliza basi kosa gani linafaa na lipi halifai. Siwezi kuwapa orodha ila kuna mambo ya kuangalia, na la kwanza kabisa ni kama kosa lenyewe lilifanyika kupitia mchezo. Wapakistani watatu wa kriketi, Salman Butt, Mohammad Asif na Mohammad Amir, walifungwa London Novemba 2011 kwa mchezo wa kupanga mipira mibovu kwa makusudi uwanja wa Lord's mwaka 2010 ili wacheza kamari wapate hela. Hapo aliyeibiwa ni mchezo wenyewe, mtu alitumia jezi ya taifa kama kifaa cha wizi, kwa hiyo kumfungia sio adhabu ya ziada, ni sawasawa na mhasibu aliyekwapua hela kunyang'anywa kitabu cha hesabu.

Na bado hata hapo tazama ilivyokwenda. Butt ndio alikuwa kapteni akapata miezi 30, Amir alikuwa kijana wa miaka 18 aliyekiri kosa akapata miezi sita na kufungiwa miaka mitano. Amir akarudi timu ya taifa 2016, akacheza tena Lord's palepale, na fainali ya Champions Trophy ya 2017 dhidi ya India akawatoa Rohit Sharma, Dhawan na Kohli, nchi nzima ikashangilia. Butt na Asif hawakuichezea tena Pakistan. Mimi naona tofauti ile ilikuwa na msingi, umri, kukiri, na nani alikuwa na madaraka juu ya nani, sio kipaji peke yake ingawa kipaji hakikumdhuru. Kitu ambacho nilikipenda zaidi ni kwamba wenzake walisikilizwa na hawakunyamazishwa, Mohammad Hafeez na Azhar Ali waligoma kwanza kuingia kambini naye, wakakaa wakaongea ndio wakaingia. Kwenye hizi habari wachezaji wenzake huwa ndio wa mwisho kuulizwa.

Makosa ya barabarani sitayakalia sana. Tony Adams wa Arsenal alifungwa Desemba 1990 kwa kuendesha amelewa, akakaa siku 57, akarudi akawa kapteni tena na wakachukua ubingwa msimu ule ule, wala hakufa mtu. Luke McCormick, kipa wa Plymouth Argyle, ajali yake ya 2008 iliua watoto wawili ndugu, akahukumiwa miaka saba na miezi minne, akatoka akarudi klabu ileile. Kosa ukilitaja kwa jina linafanana, uzito haufanani kabisa, ndio maana siamini sheria ya kusema kosa fulani moja kwa moja basi.

Ukatili wa kingono ndio mimi nasita zaidi na nitawaambia kwanini. Umaarufu ni sehemu ya kosa mara nyingi, ndio uliompa mtu mlango na ndio uliomfanya mwathirika aogope kusema, kwa hiyo kumrudishia umaarufu sio kumrudishia kazi tu, ni kumrudishia silaha. Na ile habari ya watoto niliyowaambia mshike, mchezaji wa timu kubwa anatembelea shule, anapiga picha na watoto wa akademi, kazi ambazo mtu mwenye hukumu yake angekaguliwa kwanza, yeye anaingia kwa sababu eti ni mchezaji. Steven van de Velde, Mholanzi wa voliboli ya ufukweni, alihukumiwa Uingereza 2016 miaka minne kwa kumbaka mtoto wa miaka 12, akakaa ndani karibu mwaka mmoja, 2017 akawa ameanza kucheza tena na 2024 akaenda Olimpiki ya Paris. Akakaa nje ya kijiji cha wanamichezo, hakuongea na waandishi, na akazomewa uwanjani. Jiulize, kama hata kulala kijijini na wenzake imeonekana haifai, ulimpelekaje?

Sasa breki kidogo kwa wale wa kundi la pili. Hukumu inaweza kuwa mbovu. Ched Evans wa Sheffield United alifungwa Aprili 2012 miaka mitano kwa ubakaji, akatoka 2014, klabu ikataka kumpa nafasi ya mazoezi, ombi la kupinga likapata saini zaidi ya 160,000, Jessica Ennis-Hill, bingwa wa Olimpiki, akasema Evans akipewa mkataba jina lake litolewe kwenye jukwaa la uwanja, klabu ikaacha, klabu ya Oldham iliyotaka kumchukua nayo ikaacha. Aprili 2016 mahakama ya rufaa ikafuta hukumu, Oktoba akaachiwa kwenye kesi iliyorudiwa. Waliosaini hawakuwa wajinga, walifuata hukumu iliyokuwepo, lakini miaka ile haikurudi. Na upande wa pili kuna Bruno mwingine, kipa wa zamani wa Flamengo ya Brazil, miaka 22 kwa mauaji ya Eliza Samudio, mama wa mtoto wake, akaachiwa Februari 2017 rufaa ikiwa bado haijasikilizwa, klabu ya Boa Esporte ikamsajili mbio mbio, wadhamini wakakimbia, Aprili karudishwa ndani. Kwa hiyo rufaa ikiwa hai tulia, usimsajili na usimzike.

Ninachoziambia klabu na mashirikisho yakituita ni kitu kimoja cha kuchosha, andikeni utaratibu leo wakati hamna mtu mwenye kesi, kabla hamjajua jina, kabla hamjajua ana mabao mangapi. Mwandike makosa gani yanahitaji bodi nzima kupiga kura na sio kocha peke yake, muda gani upite tangu kifungo kuisha, nani atamkagua kabla hajasogea karibu na akademi, na kwenye mkataba kipengele cha kuvunja kiwe kinasomeka. Wachezaji wanaotoka nao nawaambia wajaze ukweli kwenye fomu za viza, Tyson mwaka 2013, zaidi ya miaka 20 baada ya hukumu, alizuiwa kuingia Uingereza kwa sababu ya ukubwa wa kifungo chake, na klabu ikigundua imesajili mtu asiyeweza kusafiri mechi za ugenini hasira yake utaijua.

Na kwenye huo utaratibu muweke mstari mmoja ambao karibu kila rasimu nayopewa kusoma haupo, nani atampigia simu mwathirika au familia yake kabla picha ya usajili haijatoka. Asije akaiona kwenye simu yake saa mbili usiku, jamaa ameshika jezi anacheka.