Je, wajua? Kuna nzi anayegeuza kinyesi cha kuku kuwa chakula cha kuku

Mfugaji wa kuku wa Nala au Ihumwa, pembezoni mwa Dodoma, huumizwa kichwa na mambo mawili: bei ya dagaa na mashudu, na kinyesi kinachorundikana bandani. Yupo mdudu anayeyashika yote mawili. Ni nzi askari mweusi, mwenye umbo la nyigu, ambaye asili yake ni bara la Amerika.

Siri iko mdomoni. Nzi huyu akishakua karibu hali kitu. Huishi siku chache tu, hupandana, hutaga mayai mamia kadhaa, kisha hufa. Ndiyo maana hatui kwenye ugali wako. Chakula cha maisha yote hukila angali funza, na hapo ni mlafi haswa. Kwa wiki mbili hivi, joto likiwa nyuzi 27 hadi 30, hunenepa mpaka akikaushwa awe na protini ya karibu asilimia 40, mbali na mafuta. Lundo la kinyesi cha kuku nalo hupungua hadi karibu nusu, na nzi wa kawaida hukwepa kutaga palipojaa funza hawa.

Kinachonifurahisha zaidi ni mavuno. Funza akishiba hubadilika rangi, huacha uchafu mwenyewe na kutafuta pakavu penye giza ajigeuze pupa, yaani hatua ya mwisho kabla ya kuwa nzi. Weka ubao wa mteremko unaoishia kwenye ndoo. Atapanda na kujitumbukiza.

Jua, ambalo nzi hawa hulihitaji ili wapandane, Dodoma tunalo la kugawa. Tatizo ni unyevu. Upepo wa Agosti hukausha upesi beseni la kufugia funza, kwa hiyo weka kivuli, funika kwa magunia, nyunyizia maji. Samadi ya ng'ombe ina nyuzi nyingi za majani na huwachelewesha kukua. Hiyo mimi ningeipeleka moja kwa moja kwenye mizabibu.

Tahadhari: funza hupunguza vijidudu vya salmonela, vinavyoleta maradhi ya tumbo, hawavimalizi. Umoja wa Ulaya hauruhusu kabisa kulisha mifugo wadudu waliokuzwa kwa kinyesi. Wachemshe kwanza, au funza wa kulisha wakuze kwa mabaki ya sokoni, na wa kinyesi wabaki kuwa wa kutengeneza mbolea. Mbolea hiyo nayo iache iive wiki kadhaa kabla ya kuipeleka kwenye mchicha.