Marathoni za jangwani, Dubai hadi Doha: maneno ya vijiweni na ukweli wake

Kila ikifika Novemba Desemba watu wanaanza kuulizana kuhusu mbio za Ghuba ya Uarabuni, hasa Dubai na jirani yake Ras Al Khaimah, na majibu kila mwaka ni yale yale, utaungua, utakimbia mchangani, kunywa maji kama ngamia, na anayejibu mara nyingi alipita huko mwezi wa nane, akatoka uwanja wa ndege akaingia kwenye teksi, basi kashakuwa mtaalamu. Ngoja tuyapitie.

"Jangwani ni tanuri mwaka mzima."

Hii ndo inayosumbua kuliko zote. Dubai mwezi wa kwanza alfajiri inashuka mpaka nyuzi 14 au 15 hivi, mchana inafika 24. Dar mwezi huo huo ni kaskazi, mchana 32 na usiku feni haisaidii kitu. Yani mtu wa Dar au Mombasa anayeenda kukimbia Dubai Januari anakimbilia ubaridi, na nimeona watu wamesimama kwenye mstari wa kuanzia wanatetemeka wamejifunika mfuko wa plastiki kwa sababu waliambiwa wasibebe sweta. Hata mvua ipo! Mwaka 2009 Haile Gebrselassie, yule gwiji wa Ethiopia, alishinda Dubai kwa 2:05:29 (yani saa 2, dakika 5 na sekunde 29) huku mvua inamchapa.

Ila sasa usigeuke upande wa pili ukasema joto la Ghuba ni stori tu. Tazama mwaka 2019 peke yake. Januari Ruth Chepngetich wa Kenya anashinda Dubai kwa 2:17:08, muda ambao siku hiyo walikuwa wamewahi kuupita wanawake wawili tu duniani. Septemba mwaka huo huo yuko Doha, Qatar, kwenye mashindano ya dunia ya riadha, mbio zimewekwa saa sita kasoro dakika moja usiku ili kukwepa jua, na bado ni nyuzi 32 na unyevu wa hewa umepita asilimia 70. Walianza wanawake 68, wakamaliza 40. Yeye alishinda, lakini kwa 2:32:43, muda mbovu kuliko wa bingwa yeyote wa dunia wa marathoni ya wanawake. Mtu yule yule, lami ya Ghuba ile ile, tofauti dakika 15 na nusu. (Najua mtaniletea habari za 2025 alipofungiwa miaka mitatu kwa dawa zilizokatazwa michezoni, sawa, ila matokeo ya 2019 hayakufutwa na hapa tunaongelea hali ya hewa.) Baada ya usiku ule ndo wakubwa wa Olimpiki wakaihamisha marathoni ya Tokyo wakaipeleka Sapporo, kaskazini mwa Japani kwenye ubaridi. Kwa hiyo mtu akikuuliza "Ghuba kuna joto?" muulize kwanza, mwezi gani na saa ngapi.

"Jangwa ni kavu, jasho linakauka lenyewe."

Ndani kabisa huko kwenye mchanga labda. Lakini Dubai, Doha, Ras Al Khaimah zote ziko pembeni ya bahari, tena bahari yenye maji ya moto wakati wa kiangazi, kwa hiyo kinachokusubiri ni fukuto. Na fukuto ndo baya, maana jasho linakupoza likiwa linakauka mwilini, likibaki linachuruzika tu kuingia kwenye soksi unapoteza maji bila kupata faida yake. Hata majira ya baridi kuna asubuhi unaamka ukungu umefunika magorofa yote, fulana inalowa kabla hujafika kilomita ya tano, na hapo ndo utajua umuhimu wa kupaka vaselini mapajani, kwapani na, kwa wanaume, kwenye chuchu. Msicheke, kuna watu wanamaliza fulana nyeupe ina michirizi miwili ya damu.

"Sisi Waafrika joto tumelizoea."

Nani, wa wapi? Iten, kijiji cha wakimbiaji Kenya, iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, Eldoret zaidi ya 2,000, asubuhi wanamazoezi wanatoka na koti na kofia ya sufu. Mkimbiaji wa Bonde la Ufa akishuka kwenye fukuto ni mgeni kama Mzungu tu. Kwenye mbio zile za Doha wanawake wote watatu wa Ethiopia hawakumaliza, na mmoja wao ni Roza Dereje, ambaye Dubai 2018 alishinda kwa 2:19:17. Mapafu ya milimani hayapozi mwili. Kinachosaidia ni kuzoea, na kuzoea joto kunachukua kama siku 10 mpaka 14 za kufanya mazoezi ndani ya joto lenyewe, damu inaongezeka maji, jasho linaanza kutoka mapema, moyo unatulia. Ukitua Ijumaa ukakimbia Jumapili hujazoea chochote.

Na hii inawagusa ndugu zetu wanaofanya kazi huko pia, maana wengi wanadhani kuishi Dubai kunatosha. Unalala kwenye AC, basi lina AC, ofisi ina AC, mazoezi kwenye mashine ya jimu yenye AC, mwili wako utajuaje kama uko jangwani? Wale wanaokimbia kweli kiangazi utawakuta saa kumi alfajiri kwenye ile njia ya raba pembeni ya ufukwe wa Jumeirah.

"Ni tambarare, rahisi, lazima uvunje rekodi yako."

Tambarare ni kweli. Mchangani hukanyagi kabisa, ni lami pana ya mjini, unaenda unageuza unarudi. Na kasi ipo, Ras Al Khaimah peke yake kwenye nusu marathoni rekodi za dunia zimeanguka kama maembe: Samuel Wanjiru 58:53 mwaka 2007, Mary Keitany 65:50 mwaka 2011, Peres Jepchirchir 65:06 mwaka 2017, Ababel Yeshaneh wa Ethiopia 64:31 mwaka 2020. Lakini marathoni nzima ya Dubai haijawahi kutoa rekodi ya dunia, na si kwa kukosa hela. Mwaka 2008 waandaaji waliweka dola 250,000 kwa mshindi na milioni moja kwa atakayevunja rekodi ya dunia, Haile akaifuata ile milioni kwa pupa, nusu ya kwanza akapita kwa 61:27, halafu nusu ya pili ikamdai deni lote, akamaliza 2:04:53. Muda mzuri sana, wa pili kwa ubora duniani wakati ule, ila milioni ilibaki kwa wenyewe.

Sasa kama Haile alidanganywa na unyoofu wa ile barabara, wewe na mimi je? Barabara tambarare haina mteremko wa kupumzikia, ni misuli ile ile inayopiga hatua ile ile kwa saa nne, na macho yanaliona jengo lile lile kwa kilomita tatu halisogei. Jua likishapanda na upepo wa baharini unaamka, na kwa kuwa ni njia ya kwenda na kurudi lazima kuna upande utakupiga usoni. Anza taratibu hata kama mwili unakuambia twende.

"Kunywa maji mengi iwezekanavyo."

Hii inaweza kukuua, sitanii. Maji yakizidi chumvi ya kwenye damu inashuka, ubongo unavimba. Boston, Marekani, mwaka 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 baada ya marathoni, asilimia 13 chumvi ilikuwa imeshuka chini ya kiwango, na walioathirika zaidi ni wale wa mwendo wa saa nne na kuendelea wanaosimama kila kituo. Boston hakuna jangwa, sasa fikiria mtu aliyetishwa kuhusu jangwa. Balaa ni kwamba dalili zinafanana na za kukosa maji, kichwa, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, halafu mwenzio kwa huruma anakuongezea chupa nyingine. Kunywa ukisikia kiu. Ukijipima ukakuta umemaliza mbio na uzito umeongezeka, ulikunywa kupita kiasi, hakuna maelezo mengine. Na kwenye vituo angalia chini, chupa na vifuniko vinatapakaa, ukivikanyaga unateleza vizuri tu.

"Dubai ni mali ya Wakenya."

Pole. Tangu 2008 mpaka 2025 upande wa wanaume Mkenya aliyeshinda ni David Barmasai mwaka 2011, wanawake ni Chepngetich wa 2019, basi. Waliobaki wote Waethiopia. Mwaka 2018 wanaume saba walimaliza chini ya 2:05, mbele yao Mosinet Geremew kwa 2:04:00 kamili. Kule ni kwao.

"Mbio zile ni za mastaa."

Siku ile ile kuna kilomita 10 na kuna kilomita 4, watu wanaenda na watoto, wengine wanatembea wanapiga selfi na Burj Al Arab. Kama umeenda kutalii usizunguke Dubai Mall siku nzima jana yake, ile mall kuimaliza ni mazoezi tosha. Na siku yenyewe toka mapema, barabara zinafungwa, teksi itakushusha mbali, na kile kipande utakachokitembea gizani kutafuta mstari hakuna atakayekuandikia kwenye cheti.