Mkopo si ufadhili

Mwezi uliopita niliombwa kutafsiri. Wageni sita kutoka Marekani walikuja Dodoma kuwaona akina mama wa kikundi kimoja, wafanyabiashara wadogo wa upande wa soko la Majengo, kwa sababu pesa za wageni hao zimo ndani ya mikopo ya akina mama. Viti vya plastiki vimepangwa, soda zimenunuliwa kwa pesa ya mfuko wa kikundi, kila mmoja kajifunga kanga yake nzuri. Mwenyekiti akasimama, akakaribisha, akasema: "Tunawashukuru sana wafadhili wetu kwa msaada mliotupatia." Nikatafsiri kama ilivyo. Mzee mmoja mwenye kofia akaniinamia na kuniuliza polepole, "Msaada upi? Mimi nilikopesha, na sehemu kubwa imesharudi."

Nilikunywa soda yangu. Lakini ni mara ya nne au ya tano nasikia hotuba ileile kwa maneno yaleyale, na mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nina kikomo.

Tuanze na maana ya neno, kwa kuwa haina kazi kubwa. Mkopo ni pesa au mali unayopewa kwa makubaliano kwamba utarudisha thamani yake katika muda fulani, mara nyingi na nyongeza juu yake. Mkopo mdogo ni huohuo, ila kiasi ni kidogo, dhamana kwa kawaida ni wenzako wa kikundi badala ya hati ya nyumba, na marejesho huja haraka, kila wiki au kila mwezi. Basi. Aliyetaka maana tu anaweza kuishia hapo.

Kinachonikera ni kwamba Kiswahili kimeshatufanyia kazi yote ya kutenganisha mambo haya, na sisi tunayachanganya upya kila wageni wakija.

Tazama kukopa na kuazima. Jirani akija kuomba sufuria kubwa ya kupikia msibani, anaazima: keshokutwa atarudisha sufuria ileile, pengine na masizi yaliyoongezeka. Akija kuomba vikombe viwili vya sukari, anakopa: sukari yako imeshanyweka, atakayoleta ni nyingine iliyo sawa nayo. Najua siku hizi watu huambiana "niazime elfu kumi". Nimeshakata tamaa ya kuwasahihisha, ingawa ukirudisha noti ileile uliyopewa maana yake shida uliyokuwa nayo haikuwa shida. Kilichoazimwa kinabaki cha mwenyewe. Kilichokopwa kinakuwa chako, ukitumie mpaka kiishe. Unachobaki nacho ni deni.

Si ubishi wa darasani huo. Siku ileile mgeni mmoja, dada mpole kabisa, aliuliza kama anaweza kuiona cherehani "yake", kwa kuwa ilinunuliwa kwa mkopo alioshiriki. Angekuwa ameazimisha cherehani, swali lingekuwa halali. Lakini alikopesha. Cherehani ni ya fundi, tangu siku ya kwanza, hata kabla ya rejesho la kwanza. Nilitafsiri swali lake kuwa "anaomba kuona cherehani yako", na sijutii.

Sasa angalia kukopesha. Ni kopa iliyotiwa kiambishi cha kusababisha, kama soma na somesha, lipa na lipisha. Mkopeshaji ni mtu anayemfanya mwenzake akope. Yaani lugha imeweka kitendo chenyewe mikononi mwa mkopaji. Mwenye pesa anatajwa kwa kupitia kwake. Tusijifanye watakatifu pia: kamusi za zamani ziliweka kwenye kopa hata maana ya kulaghai, na wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wakopaji walikuwa wakijulikana. Lakini mwema au mlaghai, mtendaji ni yeye.

Fadhili ni ya ukoo mwingine. Imetoka Kiarabu, fadhl, yaani ziada, wema unaozidi wajibu. Mfadhili anakutendea jambo ambalo hakulazimika kulitenda, nawe ni mfadhiliwa, mtendwa. Huwezi kulilipa, unashukuru tu, na hakuna siku utakayoambiwa umemaliza kushukuru. Ndiyo maana methali ya fadhili mbuzi utakunywa mchuzi, binadamu atakuudhi, ni malalamiko ya mtu aliyetoa bila tarehe ya kurudishiwa. Mkopeshaji hana haja ya methali hiyo, ana daftari. Ruzuku nayo ni ndugu wa riziki, mzizi mmoja wa Kiarabu: kinachogawiwa kutoka juu. Serikali ikitoa ruzuku ya mbolea haiji kukudai ukishavuna.

Basi mwenyekiti anaposema "wafadhili wetu", anachukua majasho ya watu na kuyaandika kwa jina la mwingine. Mmoja wa akina mama wale anauza karanga, ubuyu na mlenda mkavu. Alichukua shilingi 300,000. Rejesho lake ni 21,000 kila Jumanne kwa wiki 16. Piga hesabu, ni 336,000. Jumanne moja mwanawe alikuwa amelazwa, hakuwa na kitu. Kikundi hakitoki kikaoni mpaka hesabu itimie, kwa hiyo wenzake walichanga, na wiki mbili baadaye akawarudishia. Kama unatafuta msaada katika habari hii, uko hapo, kwenye ule mchango wa Jumanne, na wageni hawakuwa wakiujua. Alikaa kiti cha mwisho siku ya hotuba, akipiga makofi.

Hata mwanzo wa mikopo midogo ya leo haukuwa sadaka. Mwaka 1976 Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi huko Chittagong, Bangladesh, alitoa mfukoni mwake dola 27 zikagawanywa kwa watu 42 wa kijiji cha Jobra. Walikuwemo watengeneza viti vya mianzi, waliokuwa wameshikwa na walanguzi waliowapa pesa ya malighafi kwa sharti la kuwauzia wao tu. Aliwapa kama mkopo. Kutokana na hizo ikaja benki ya Grameen mwaka 1983 (jina hilo kwa Kibengali ni kama kusema "ya kijijini") na Nobeli ya Amani mwaka 2006. Zingekuwa sadaka, zingeishia Jobra.

Halafu likaja suala la wageni wenyewe. Mwaka 2005, San Francisco, Matt Flannery na Jessica Jackley walianzisha Kiva, shirika la kukopeshana kupitia mtandao, baada ya kutembelea wafanyabiashara wadogo wa Afrika Mashariki. Mikopo ya kwanza ilikwenda Tororo, Uganda. Mtu wa mbali anabofya picha ya mkopaji kwenye tovuti yao, anatoa kuanzia dola 25, anarudishiwa, anaikopesha tena. Shirika hilo linaeleza kwamba jina lake ni neno la Kiswahili lenye maana ya umoja. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na sijamsikia mtu sokoni akisema kiva. Tunachosema ni kuiva: ugali umeiva, zabibu zimeiva, na watu wasiopatana tunasema hawaivi chungu kimoja. Mwanafunzi akiniletea kiva kwenye insha ninapiga mstari mwekundu, kisha nampa nusu alama kwa kuthubutu. Sisemi wageni wetu walipitia huko. Nautaja mfano kwa sababu ndio unaojulikana zaidi, na kwa sababu ya hilo jina.

Mfano huohuo unafungua fundo jingine. Anayetoa dola zake 25 hapati riba. Basi hapa husikika kwamba mama kapata "mkopo usio na riba". La. Pesa inapita kwenye taasisi ya hapa, ambayo ina maofisa, pikipiki, pango la ofisi na watu wasiolipa, na taasisi hiyo kwa kawaida inamtoza mama riba. Yule wa karanga analipa 36,000 juu ya 300,000, tena inahesabiwa juu ya 300,000 nzima hata wiki ya 15, wakati karibu yote ameshairudisha. Riba, nayo kutoka Kiarabu, asili yake ni kuongezeka, na hapa imeongezeka. Ni kwa mzee mwenye kofia tu ambako haikuongezeka. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, David Roodman, aliandika jambo jingine ambalo wengi hawakulitambua: mara nyingi mama ambaye picha yake unaibofya ameshapewa mkopo wake na taasisi, pesa yako inakuja nyuma kujaza pengo. Kiva ilibadilisha maelezo yake baada ya hapo. Kwa hiyo aliyemkopesha mama ni taasisi, na mgeni ameikopesha taasisi. Ni kazi nzuri na ninaiheshimu, lakini hata neno mkopeshaji mgeni analivaa kwa kuazima.

(Hapo kuazima kumekaa vizuri. Neno atalirudisha lilelile.)

Upande wa pili wa kosa hili ni mbaya kuliko hotuba. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba, na sheria ndivyo inavyosema. Mtaani ikaitwa "hela za serikali", watu wakaipokea kama ruzuku, na ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zikawa zinataja mabilioni yasiyorejeshwa. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejea mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Kukosa riba hakuufanyi mkopo kuwa msaada. Sukari ya jirani haina riba, na bado unamrudishia.

Ajabu ni kwamba pesa inapouma, hakuna anayekosea neno. Ile mikopo ya rejesho la kila siku, inayochukuliwa kwa kuacha kitambulisho au kadi ya benki, na ukichelewa wanakuja kubeba televisheni na sofa, watu wameipa jina wenyewe: kausha damu. Kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yenye madaraja manne ya watoa huduma, na kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa daraja la pili, la wakopeshaji wasiopokea amana, lakini jina la mtaani ndilo lililotangulia kueleweka. Sijawahi kuona mtu amesimama mbele ya viti vya plastiki kumshukuru mfadhili wake wa kausha damu.

Na neno mkopo, ukilishika sawasawa, linakulazimisha kuuliza maswali ambayo msaada hauyaulizi. Rejesho ni lini? Mama lishe anauza leo, analipa Jumanne, unamfaa. Mkulima wa zabibu wa Hombolo anavuna mara mbili kwa mwaka, na mzabibu haujui Jumanne. Alizeti ndiyo kabisa, mvua yetu ni moja, ya Desemba hadi Aprili. Mtu akipewa msaada hawezi kulalamikia ratiba. Akikopa, anaweza, na anapaswa.

Wageni walipoondoka nilibaki kusaidia kupanga viti. Nikamwambia mwenyekiti, kwa heshima, maana ananizidi umri na ndiye aliyenikaribisha, kwamba wale si wafadhili.

"Sasa mwalimu, niwaite nani? Nikisema tumewalipa, si wataona tuna kiburi?"

"Sema tulikopa, tumefanya biashara, tunarudisha. Karibuni mwone."

Akayarudia taratibu, kama anayepima kanga begani. "Mbona hamna asante?"

"Asante iweke, mama. Hata anayekudai anashukuriwa."

Akafikiri kidogo, akatazama kreti. "Na hizi soda walizokunywa?"

"Hizo ndizo fadhila," nikamwambia. "Hizo hawakukopa."