Maana ya Kupima Upeo wa Mjongeo wa Uti wa Mgongo katika Ukadiriaji wa Upungufu wa Kudumu

Upeo wa mjongeo wa uti wa mgongo ni kiasi ambacho mtu anaweza kuinama mbele, kujipinda nyuma, kuinama upande au kugeuza shingo kwa nguvu zake mwenyewe, na hupimwa kwa nyuzi za pembe. Daktari anayetibu hupima ili ajue kama tiba inasaidia. Daktari anayekadiria upungufu wa kudumu, yaani uwezo wa mwili uliopotea na usiotarajiwa kurudi, hupima ili apate asilimia itakayoingia katika madai ya fidia, na kwa hiyo husubiri hadi hali ya mgonjwa itulie na isitarajiwe tena kubadilika sana.

Mwongozo unaotumika sana katika kazi hii ni ule wa Chama cha Madaktari cha Marekani. Katika toleo lake la 5, kiuno chenye afya huhesabiwa kuwa kinainama mbele nyuzi 60 na kurudi nyuma nyuzi 25, na shingo kugeuka nyuzi 80 kila upande.

Ugumu uko kwenye nyonga. Mtu ambaye pingili zake za kiuno zimeunganishwa kwa upasuaji anaweza bado kuinama hadi mikono ikapita magoti, kwa kuwa nyonga ndizo zinazokunjika. Kukadiria kwa macho, au kupima umbali kati ya vidole na sakafu, hakutenganishi viungo hivi viwili. Ndiyo sababu hutumiwa inklinometa mbili, vifaa vidogo vinavyoonyesha mwinamo kwa kufuata mvutano wa dunia: kimoja huwekwa juu ya pingili ya mwisho ya kifua, kingine juu ya sakramu, ule mfupa mpana ulio chini ya pingili za kiuno. Baada ya mgonjwa kupasha mwili joto kwa mazoezi mepesi, vyote huanzishwa kwenye sifuri akiwa amesimama wima, kisha huinama kadiri awezavyo. Ikiwa cha juu kinasoma nyuzi 65 na cha chini nyuzi 30, kiuno chenyewe kimeinama nyuzi 35 tu. Zile 30 ni za nyonga.

Kipimo kimoja hakitoshi. Panatakiwa vipimo vitatu mfululizo vinavyokaribiana: wastani ukiwa chini ya nyuzi 50, kila kimoja kisipishane nao kwa zaidi ya nyuzi 5, na ukiwa juu ya hapo, kwa zaidi ya asilimia 10. Zoezi linaweza kurudiwa hadi mara sita. Kwa kuinama kwa kiuno kuna uhakiki mwingine: mgonjwa hulazwa chali, mguu ulionyooka huinuliwa, na nyuzi za mguu uliokaza zaidi hulinganishwa na jumla ya mjongeo wa sakramu wa mbele na wa nyuma. Mguu ukizidi jumla hiyo kwa zaidi ya nyuzi 15, kipimo cha kuinama hakikubaliki.

Hapa ndipo haki ya mgonjwa huponyoka kwa urahisi. Kipimo kisichokubalika hakithibitishi kwamba mtu anajifanya mgonjwa, kwani maumivu, hofu ya kuumia tena au kifaa kilichoteleza juu ya ngozi vinaweza kuleta matokeo hayo hayo. Daktari makini huandika namba zote alizosoma, pamoja na zile alizozikataa, na hueleza kwa nini amezikataa.

Hata namba zikikubalika, si njia kuu ya kukadiria mgongo katika matoleo mapya. Toleo la 5 hutanguliza utambuzi wa jeraha, na huacha mjongeo kwa hali kama majeraha ya pingili kadhaa za eneo moja, ambapo huunganishwa na utambuzi pamoja na hitilafu za neva. Toleo la 6 limeuondoa kabisa mjongeo kama msingi wa asilimia ya mgongo. Hata hivyo majimbo ya Marekani hayatumii toleo moja: California hufuata la 5, wakati Colorado bado hutumia la 3 lililorekebishwa. Kwa hiyo anayesoma ripoti ya aina hii aanze kwa kutazama imeandikwa kwa toleo gani, ndipo azipime nyuzi zilizomo.