Kishikwambi Kimoja, Wanafunzi 60: Dhana Potofu Kuhusu Somo la Kuandika Kiingereza

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu wa shule za serikali Tanzania. Nilipopata changu nilikipeleka Kidato cha Kwanza wiki hiyohiyo. Wanafunzi walipokezana kukishika, wakapigana picha, kengele ikalia. Hakuna aliyekuwa ameandika sentensi hata moja ya Kiingereza.

Hawa ni watoto waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu kati ya mengi. Januari inafika, wanakuta Biolojia, Historia na Jiografia zote kwa Kiingereza. Mtoto asiyeweza kuunga aya moja atafeli hata jambo analolijua vizuri. Ndiyo maana yananiuma mambo tunayoambiana kwenye ofisi ya walimu kuhusu teknolojia, mengine niliyaamini mwenyewe, na yanawala vipindi.

Dhana: Vifaa vikifika, kuandika kutakuja kwenyewe

Nchini Peru walijaribu kwa ukubwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 ulihusu shule 319 za msingi za vijijini, baadhi zikiwa zimepewa kompyuta mpakato na nyingine bado. Kwenye zilizopewa kulikuwa na kompyuta 1.18 kwa kila mtoto, kwenye nyingine 0.12. Baada ya miezi 15 hivi, alama za hisabati na lugha hazikuonyesha tofauti. Watoto walipata vifaa, lakini walimu hawakupata njia iliyo wazi ya kuvifundishia.

Kosa langu lilikuwa hilohilo, nililifanya kwa kishikwambi kimoja. Andalio langu la somo lilianza na kifaa. Siku hizi linaanza na maswali matatu: mwanafunzi ataandika nini, anamwandikia nani, na atakwama wapi? Nikishajua atakapokwama ndipo natazama kama kifaa kinaweza kumsukuma hatua ile moja. Mara nyingine jibu ni hapana, na ubao unatosha.

Wapo waliopima jambo hili. Mwaka 2007 Steve Graham na Dolores Perin walikusanya tafiti nyingi za uandishi wa wanafunzi wa darasa la 4 hadi la 12 kwa mfumo wa Marekani. Kuandika kwa kompyuta kulisaidia. Kilichosaidia zaidi ni kumfundisha mtoto waziwazi mbinu za kupanga, kupitia na kuhariri kazi yake, na kuwaacha wanafunzi waandike kwa kushirikiana. Kufundisha sarufi peke yake, mbali na kuandika, hakukusaidia. Tafiti zile hazikuwalenga wanaojifunza Kiingereza kama sisi, lakini nikitazama daftari za wanafunzi wangu sioni sababu ya kubishana nazo.

Dhana: Bila kompyuta kwa kila mtoto na bando la intaneti, hakuna somo

Hii ndiyo inayowakatisha tamaa wengi, kwa hiyo niieleze kwa kirefu. Nina wanafunzi 60 na ushee, kifaa kimoja, na umeme wa kubahatisha. Vitu viwili vimenisaidia kuliko vyote, na havihitaji hata MB moja: kinasa sauti na kamera.

Muhula uliopita waliandika maelezo ya namna ya kupika chapati, wakimwandikia mtu ambaye hajawahi kuiona. Rasimu ya kwanza ya msichana mmoja ilikuwa hivi: "You take flour, you put water, you cook." Basi. Nikampa kishikwambi asimulie kwa dakika moja huku wenzake watano wa kikundi wakisikiliza, Kiingereza pale anapoweza, Kiswahili pale anapokwama. Akasimulia kukanda, kuacha unga upumzike, kusukuma, kupaka mafuta, kukunja, kusukuma tena, ndipo kukaanga. Walipoirudia rekodi mara ya pili, mwenzake akamuuliza, "Mbona mafuta hujayaandika?" Rasimu ya pili ikawa na hatua saba, kila moja na neno la kuiunganisha na iliyotangulia.

Wakati kikundi kimoja kinarekodi, vingine vinaandika kwenye daftari. Katika dakika 40 napitisha vikundi vitatu, vilivyobaki vinangoja vipindi vijavyo, na hilo lazima liwemo kwenye azimio la kazi, yaani mpango wa vipindi vya muhula, tangu mwanzo. Kamera nayo inatunza rasimu ya kwanza na ya pili. Mwisho wa muhula kila mtoto anaziona zote mbili na kuniambia amebadilisha nini na kwa nini.

Dhana: Kiswahili kikiingia kwenye somo la Kiingereza kinaliharibu

Yule msichana alikuwa na hatua saba kichwani. Lugha ilimruhusu kutoa tatu. Ukimkataza kupanga kwa Kiswahili, hizo nne zilizobaki hutazipata kamwe. Kwenye andalio langu kuna dakika kumi za kupanga kwa lugha yoyote, na kazi ya mwisho ni ya Kiingereza. Nimefika hapo baada ya miaka ya kupiga marufuku na kuvuna daftari tupu.

Dhana: Programu ya kusahihisha itanipunguzia kalamu nyekundu

Tulichapa ile rasimu. Programu ikapiga mstari mwekundu chini ya jina la mwanafunzi, kisha chini ya jina la wilaya, Tandahimba, ikaipita bila neno sentensi ya "You push the chapati." Kila neno limeandikwa sawasawa. Kamusi ya simu ilikuwa imempa "push" kwa kusukuma, na ni kweli mtu husukuma mlango. Chapati inasukumwa kwa namna nyingine, na Kiingereza kina neno lake, "roll out". Ilibidi nimwonyeshe kwa mikono.

Makosa mengi ya watoto wetu yana asili ya namna hii. Wanaandika "My mother he sells fish" kwa sababu "yeye" yetu haibagui mke na mume. Wanaandika "I am go" kwa sababu wanatafuta kitu cha kubeba ile "-na-" ya "ninakwenda". Wanaziacha "a" na "the" kwa sababu kwetu hazipo. Programu nzuri ya sarufi inaweza kulibadilisha neno, lakini haitamwambia mtoto wa Kiswahili lilikotoka kosa lake, na asipojua atalirudia kesho. Nachagua kosa la aina moja kwa wiki, tunalisaka sote katika aya iliyopigwa picha bila jina la mwandishi, na mwandishi akiwa ameridhia. Mengine nayaacha yangoje.

Dhana: Siku hizi wanaandikiwa na akili mnemba, na zipo programu za kuwakamata

Hofu ni ya haki, dawa ndiyo mbovu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine ilhali ziliandikwa na binadamu. Mwandishi mwenye msamiati mdogo na sentensi za kawaida anafanana na mashine machoni pa programu, na wanafunzi wetu wote ni waandishi wa aina hiyo. Mwalimu mwenye rekodi ya sauti, mpango wa Kiswahili na picha za rasimu mbili anajua kazi ni ya nani.

Dhana: Mtihani wa Taifa ni wa kalamu, kwa hiyo kifaa ni anasa

Ni kweli mtihani ni wa kalamu, nami sithubutu kumfikisha mtoto Kidato cha Pili akiwa amezoea kukumbushwa na simu neno linalofuata. Kila kazi tunaimalizia kwa daftari, nusu saa, kishikwambi kikiwa kabatini. Siku ya kumalizia ile ya chapati nilipita nyuma ya yule msichana. Alikuwa ameandika "push", akasimama, akapitisha viganja juu ya dawati kama anayesukuma unga, kisha akakata neno lile na kuandika jingine juu yake.