Upelelezi katika Jeshi la Akiba: maana yake na urithi wake Tabora

Kikosi cha upelelezi cha jeshi la akiba ni kundi la raia wenye mafunzo ya kijeshi, ambao siku za kawaida hulima, hufundisha au hufanya biashara, lakini wakiitwa kazini hutangulia mbele ya wenzao ili kujua adui yuko wapi, ana nguvu kiasi gani na anaelekea wapi, kisha kumfikishia kamanda taarifa hiyo ingali na manufaa. Hawatumwi kupigana. Mpelelezi anayefyatua risasi bila kulazimika amejianika, na mara nyingi kazi aliyotumwa imekwisha kuharibika.

Kumwambia kamanda kwamba porini kuna watu wengi hakumsaidii. Anahitaji idadi yao, mahali walipo kwenye ramani, saa walipoonekana, silaha walizobeba na walichokuwa wakifanya. Ndiyo maana mafunzo ya Jeshi la Akiba, ambalo wengi wetu tunaliita mgambo, hayaishii kwenye kwata na shabaha, bali yana pia usomaji wa ramani na ujanja wa porini.

Hapo ndipo mwenyeji anapokuwa na thamani kubwa. Mrina asali wa Sikonge anajua kwamba kiangazi, miombo ikishapukutisha majani na nyasi zikishaungua, mtu huonekana kutoka mbali, na kwamba njia ya mkato anayoipita Agosti inaweza kuwa maji matupu ifikapo Machi, mbuga za Ugalla zinapofurika. Ramani haimwonyeshi mgeni mambo hayo yote.

Uingereza nayo ina vikosi vya akiba vya namna hii, viitwavyo Yeomanry, vilivyoanzishwa mwaka 1794 kwa wapanda farasi wa majimboni, na baadhi yao leo hufanya upelelezi kwa magari mepesi. Kwetu urithi ni mwingine. Rugaruga wa Mtemi Mirambo hawakuwa jeshi la akiba, kwa kuwa walikuwa wapiganaji wake wa kudumu, na uporaji wao haufai kufichwa. Hata hivyo, ufundi wao wa kuijua nchi unastahili kusomwa kwa makini. Mwaka 1871 Waarabu wa Tabora waliuteka mji mmoja wa upande wake, na walipokuwa wakirudi wameelemewa na mateka na pembe za ndovu, wapiganaji wa Mirambo waliwavizia njiani na kuwashinda. Uviziaji wa namna hiyo hauwezekani bila kujua msafara utapita wapi na lini. Kambi ya jeshi mjini Tabora ina jina la mtemi huyo hadi leo.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilidhihirisha upande wa pili wa urithi huu, pale wanamgambo kutoka vijijini walipojiunga na JWTZ kwa wingi, wakiwa raia waliokwisha kuandaliwa kabla ya kuhitajika.